Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mtumishi wa Kanisa wa Zamani

Katika makanisa mengi ya Kianglikana ya Unguja, Muheza, Masasi na pwani ya Kenya, majina ya maaskofu yamechongwa kwenye vibao vya ukutani, ilhali jina la mwalimu aliyefundisha katekisimu chini ya mwembe kwa miaka thelathini halionekani popote ila katika daftari la ubatizo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kuandika maisha ya mtu wa namna hiyo, awe padre, shemasi, katekista au mama aliyewaongoza wanawake wa mtaa. Shauri langu la kwanza ni kwamba uanzie kwenye daftari hilo, si kwenye sifa zinazosomwa msibani.

Omba ruhusa kwa padre wa mtaa kwa barua, ukitaja jina la unayemtafuta na miaka unayoikisia. Utaonyeshwa madaftari ya ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko. La ubatizo ndilo lenye utajiri zaidi, kwa sababu hutaja wazazi pamoja na baba na mama wa ubatizo, na mtu anayejirudia kama baba wa ubatizo wa watoto wasio wa ukoo wake mara nyingi ndiye aliyekuwa mwalimu wa mahali pale. Nakili kila kitu kama kilivyo, hata makosa ya tahajia, kwa kuwa jina lililokosewa leo huenda ndilo litakalokufungulia daftari jingine kesho.

Suala la majina linahitaji subira kuliko yote. Watoto waliotolewa utumwani walifika misheni wakiwa na jina la nyumbani, pengine na jina jingine walilopewa njiani, kisha wakapata jina la ubatizo. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano ambao Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni ya Kianglikana, mwaka 1864, naye akafanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni na kusomeshwa Kiungani, shule ya wavulana ya misheni huko Unguja, alipata ushemasi mwaka 1886 na upadre mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Tazama kwamba Majaliwa ni jina la Kiswahili, lisilotuambia lolote kuhusu jina aliloitwa na mama yake. Kwa hiyo tenga ukurasa mzima wa majina ya mtu mmoja, na kila jina uliandikie mahali ulipolikuta.

Ukishamaliza madaftari, tafuta barua na ripoti za misheni. Karatasi za UMCA zinahifadhiwa Oxford na za CMS (Church Missionary Society), chama kingine cha misheni cha Kianglikana, ziko Birmingham, na kwa mambo ya Unguja iko Nyaraka ya Taifa pale Kilimani. Kabla ya kuandika kuomba nakala, hakikisha mtu wako alikuwa chini ya chama kipi na askofu yupi. Mwalimu wa Masasi wa mwaka 1910 alikuwa chini ya Askofu wa Zanzibar, kwa maana dayosisi ya Masasi ilianza mwaka 1926, na mtu wa Freretown, kijiji cha waliokombolewa kilichoanzishwa na CMS karibu na Mombasa mwaka 1875, hutampata katika karatasi za UMCA hata ukizisoma mwaka mzima.

Barua hizo zisome ukijiuliza ziliandikiwa nani. Nyingi zilikwenda kwa wafadhili wa Uingereza, na ndani yake padre Mwafrika huitwa msaidizi hata pale alipokuwa mwenyewe peke yake kazini. Majaliwa alihudumu Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wayao wenziwe, kwa zaidi ya miaka kumi. Uzito wa kazi ile haupimwi kwa mistari michache aliyopewa katika ripoti. Wake za watumishi wamefichika zaidi. Wasichana waliosomeshwa Mbweni, shule ya wasichana ya misheni huko Unguja, waliolewa na walimu wa Kiungani na kufundisha pamoja nao bara, lakini mara nyingi karatasi huwataja kama “mke wa” fulani tu. Nakuomba usiridhike na neno hilo. Rudi kwenye daftari la ndoa utafute jina lake.

Kisha nenda kwa wazee. Usiwaulize mwaka, waulize tukio: alifariki kabla au baada ya Askofu Weston wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1924? Jibu hilo peke yake linakupa upande mmoja wa mwaka huo. Vita vya Majimaji, vita vya Wajerumani vya 1914 hadi 1918 na Uhuru hufanya kazi hiyo hiyo. Uliza pia nani alipiga kengele, na mwalimu alilima shamba gani. Ukiambiwa kwamba aliwahi kusimamishwa huduma, liandike kwa staha baada ya kuzungumza na jamaa zake, wala usilifute.

Unapoandika, tenganisha wazi kilichotoka daftarini, kilichotoka baruani na kilichosimuliwa. Rasimu ikiwa tayari, irudishe kijijini uisome kwa sauti mbele ya wazee na wajukuu, usahihishe palepale wanapokukatiza, kisha nakala moja ipeleke kwa jamaa na nyingine iwekwe kwenye kabati la madaftari ya mtaa.