Mchezo wa kusikiliza: wasanii wa Chuga na Moshi mkitaka kufanya pamoja, fuateni hizi hatua

Nimetoka kuwasaidia masela fulani, nusu wako Ngarenaro ya Arusha nusu Majengo ya Moshi, wanatengeneza mchezo wa kusikiliza, yaani igizo la sauti tupu, kuhusu wapagazi wa Kilimanjaro. Vipaji wanavyo kinoma, kuna rapa, maprodyuza wawili, dogo anapiga marimba na mama mmoja wa kwaya, ila kila mtu alikuwa anafanya kama anatoa ngoma yake. Mchezo sio ngoma. Bosi hapa ni maneno, muziki unamfuata, basi.

Hatua ya 1: Skripti

Kuandika mnajua. Isomeni tu kwa sauti wote mkiwa sehemu moja, na wapiga muziki wawepo, waandike pembeni wapi waingie na wapi wanyamaze. Na waigizaji, jamani, mtu aliyebeba mzigo kule kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, haongei kama anaita abiria stendi. Pumzi yake ndio inamwambia msikilizaji tuko juu, sio maneno ya "aisee tumefika juu sana".

Hatua ya 2: Makubaliano

Karatasi moja, majina, nani ana asilimia ngapi kwenye muziki na nani kwenye hadithi, mnasaini. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini mkienda kule bila karatasi mtaanza kubishana mbele ya watu. Ile "biti nakupa bure mwanangu" ndio chanzo cha ugomvi. Na kama mnatumia wimbo wa wazee wa Kimaasai, kawaombeni wenyewe kwanza.

Hatua ya 3: Kurekodi sauti

Chumba cha kulala, godoro limeegeshwa ukutani, mablanketi, kabati la nguo wazi. Nyumba ya mabati masika hii usijisumbue, subiri mvua ikate. Maiki tumieni dainamiki, Shure SM58 au inayofanana nayo. Najua kila studio mtaani inaringia maiki ya kondensa, lakini kwenye chumba kisichozuiwa mwangwi na kelele kondensa inaleta jogoo, bodaboda na jirani anayegombana na mumewe. Kila mtu apige kofi moja mwanzo wa sini (onyesho) na moja mwisho, nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Kata maneno kwanza, bila muziki

Pangeni sini zote mpaka hadithi ieleweke ikiwa kavu hivyo hivyo. Kama bila muziki inachosha, na muziki itachosha. Mkimaliza toeni faili moja la maneno, mwape wanamuziki wapigie juu yake, na baada ya hapo hakuna kugusa urefu wa sini. Mimi kazi hii naifanyia kwenye Reaper, programu ya kukata na kupanga sauti. FL Studio ni nzuri kwa biti, sibishani, lakini kukata mazungumzo ya dakika 20 mle ndani ni kujitesa.

Hatua ya 5: Kutumiana mafaili

Hapa ndipo watu wanapoteza usiku mzima, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza, kabla mtu hajagusa kitufe, kubalianeni sampo-reti moja, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Mimi nasema 48 kHz, biti 24 (za kompyuta, sio biti ya ngoma), faili la WAV, wote. Sio 48 kwa huyu na 44.1 kwa yule. Programu nyingi zinabadilisha zenyewe ukiingiza faili, ndio maana watu wanadhani haina shida, ila shida inakuja pale kadi ya sauti ya mtu imesetiwa 44.1 halafu projekti yake inasema 48. Faili linaandikwa 48 kwa jina tu. Ukilicheza linakimbia, sini ya dakika 10 inaisha kwenye dakika 9 na sekunde 11 hivi, na sauti inapanda karibu nusu-toni moja na nusu. Wale masela babu wao mpagazi alikuwa anasikika kama kijana wa kidato cha pili, na wakawa wanamlaumu muigizaji! Kabla hujarekodi upya, kwenye Reaper bonyeza hiyo sauti, F2, kwenye spidi andika 0.91875, halafu ondoa tiki kwenye ile ya kulinda pichi (sauti kuwa nene au nyembamba). Ukiiacha hiyo tiki urefu utarudi lakini babu atabaki kijana.

Hiyo ni tofauti na sauti mbili kuachana kidogo kidogo. Mkirekodi kwa vifaa viwili, mmoja Arusha mmoja Moshi, saa za ndani za hivyo vifaa haziko sawa kabisa, mnaanza pamoja na mwisho wa sini ndefu mmoja yuko nyuma. Ndio kazi ya yale makofi mawili: la kwanza unalinganisha, la mwisho unaona tofauti, kisha unavuta au unakata kwenye ukimya.

Pili, prodyuza asitume biti iliyokwisha pigwa masta, yaani imeunganishwa na kukamilishwa kabisa. Nataka treki moja moja, ngoma peke yake, besi peke yake, marimba peke yake, na zote zianzie sifuri hata kama marimba inaingia dakika ya tatu. Ukikata kimya cha mwanzo mimi nitajuaje inakaa wapi? Kwenye FL Studio washa ile ya kugawa treki za miksa, na kwenye mkia wa sauti chagua kuuacha, sio kuukata, la sivyo mwangwi unakatika kama umeme. Limita ya kwenye masta, ile inayobana sauti isizidi kiwango, izimwe.

Tatu, sio MP3, na kabisa sio voisi noti ya WhatsApp. Kama huna njia nyingine zaidi ya WhatsApp, tuma kama dokyumenti.

Hatua ya 6: Vishindo (sauti za matukio)

Hii ndio raha. Theluji ya kileleni: wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini, weka kwenye mfuko wa ngozi uminye kwa mdundo wa hatua. Mvua: mchele unaomwagika taratibu kwenye sinia. Migomba nendeni mkairekodi yenyewe Marangu.

Hatua ya 7: Miksi

Muziki ukiwa chini ya maneno, usiushushe wote tu. Kwenye EQ (kirekebisha masafa) punguza dB 3 mpaka 6 kati ya 1 na 4 kHz, hapo ndipo maneno yanapoeleweka, besi iache ipumue. Rapa akiwa anasimulia, hi-hati zinyamaze, hata prodyuza akinuna.

Kwa kuweka mtandaoni lengeni LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa ujumla), stirio. Kituo cha redio kikitaka kipimo kingine, kitawaambia. Halafu sikilizeni kwenye simu ya kawaida bila hedifoni, ndani ya Noah inayotembea, na kila neno lililopotea liandikeni na dakika yake.