Chupa Kuukuu ya Soda: Anza na Kitako

Ukiokota chupa kuukuu ya soda maji yakipwa hapa Lamu, usikimbilie kuiosha kwa mchanga. Mchanga hukwaruza kioo na kula maandishi. Iloweke maji baridi siku mbili, kisha ipake unga wa chaki na uifute taratibu: herufi zilizoinuka zitasomeka.

Sasa soma sehemu mbili mbalimbali. Jina la tumboni, aghalabu pamoja na mji, ni la mwenye kiwanda cha soda. Alama ya kitakoni mara nyingi ni ya aliyefua kioo, na huyo huenda alikuwa Uingereza. Wengi huchanganya hapa, wakadhani soda yenyewe ilitoka Ulaya kumbe imejazwa Mombasa au Unguja.

Herufi B.E.A. ni bahati. Ni British East Africa, jina la kabla ya nchi kuitwa Koloni la Kenya mwaka 1920.

Halafu fuata kwa ukucha mshono wa ubavuni, yaani mstari ulioachwa na kalibu ya kioo. Ukikomea chini ya mdomo, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipita hadi juu, ni kazi ya mashine, nayo ya kujiendesha yenyewe ilianza 1903. Chupa yenye gololi shingoni, iliyokuwa kizibo chake, ni ubunifu wa Mwingereza Hiram Codd, miaka ya 1870. (Nyingi zimevunjwa na watoto wakitaka gololi!)

Ukishapata jina, litafute kwenye Gazeti rasmi la Serikali la miaka hiyo; matangazo ya alama za biashara na kampuni zilizovunjwa yamo humo.