Somo: Kuomba kadi ya mkopo Marekani bila kuichafua rekodi yako

Mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani niliomba kadi nne ndani ya siku tisa. Ya kwanza ilikuwa dukani, nimeshika koti la baridi mkononi. Dada wa kaunta akasema nikijaza fomu nitapunguziwa bei. Nikanyimwa. Kwa aibu nikajaribu kwingine, nako wakanikatalia, na kwingine tena. Barua zikaanza kuingia. Ile ya nne ilitaja sababu: umeomba mikopo mingi kwa muda mfupi. Yaani nilinyimwa kwa kuwa nilihangaika, na nilihangaika kwa kuwa nilinyimwa. Koti nililipa taslimu.

Hatua ya 1: Tofautisha kuchungulia na kupekua

Taarifa zako za mikopo zinatunzwa na ofisi tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kila anayeziangalia huacha nyayo, ila nyayo ziko za aina mbili. Kuna kuchungulia: wewe mwenyewe unapotazama rekodi yako, mwajiri uliyemruhusu, au benki inayotaka kukutumia barua za "umeteuliwa". Hapo hupungukiwi na kitu, na wakopeshaji wengine hawaoni. Na kuna kupekua: umejaza ombi, kampuni ikaenda kutazama ili iamue kukupa au kukunyima. Nyayo hizo hukaa miaka 2, ingawa alama za FICO, yaani namba ambayo wakopeshaji wengi hutumia kupima kama utalipa, huhesabu za miezi 12 ya karibuni tu. Kwa watu wengi pekuzi moja hula pungufu ya alama 5, kwenye kipimo cha 300 hadi 850. Mwenye rekodi changa kama yangu ya wakati ule huumia zaidi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: kunyimwa kwenyewe hakuandikwi. Rekodi inaonyesha uliomba, haionyeshi ulijibiwa nini. Kwa hiyo kilichoniponza si yale makatao, ni mbio zangu.

Hatua ya 2: Soma rekodi yako kabla hawajaisoma wao

Ingia AnnualCreditReport.com. Ni bure, na unaweza kuangalia kila wiki. Sisi wenye majina matatu, ambapo la babu hugeuka ukoo kwenye karatasi moja na kutoweka kwenye nyingine, tuangalie majina kwanza, kisha anwani, ndipo madeni.

Hatua ya 3: Bisha hodi kwanza

Kampuni nyingi za kadi zina ukurasa wa kupima kama una nafasi ya kukubaliwa. Huko wanachungulia tu. Si ahadi, lakini ni afadhali kuliko kuvamia.

Hatua ya 4: Omba moja

Moja! Kama huna rekodi kabisa, tafuta kadi ya dhamana: unaweka, tuseme, dola 200, na kikomo chako cha matumizi kinakuwa hizo 200. Uliza kama wanapeleka taarifa kwa ofisi zote tatu. Kama hapana, achana nayo. FICO huhitaji akaunti yenye angalau miezi 6 ndipo ikupe alama, basi usianze kuhesabu vifaranga mwezi wa pili.

Hatua ya 5: Elekeza macho kwenye uzito

Hapa ndipo watu wetu wanapokosea. Tunaogopa pekuzi, wakati mambo yote ya mikopo mipya ni asilimia 10 tu ya alama za FICO. Kulipa kwa wakati ni asilimia 35, na kiasi unachodaiwa ni 30. Chukua kadi hiyo ya dola 200. Umenunua unga, mchele, mafuta na nyama ya mbuzi, dola 180. Stetimenti, yaani hesabu ya mwezi ya kadi, ikifungwa hivyo, kwa kawaida ndicho kiasi kinachoripotiwa: umetumia asilimia 90 ya kikomo, unaonekana kama mtu aliyebanwa, hata kama utalipa yote wiki ijayo. Lipa 160 siku mbili tatu kabla haijafungwa, itaripotiwa 20. Unga ni uleule, pesa ni zilezile.

Hatua ya 6: Ukinyimwa, kaa chini

Wanapaswa kukujulisha ndani ya siku 30 baada ya kupata ombi lililokamilika, na una haki ya kujua sababu. Kama walitumia rekodi yako, una siku 60 za kuomba nakala bure kwa ofisi iliyotajwa kwenye barua. Rekebisha walichokitaja. Mimi husubiri miezi 6 kabla ya ombi jingine. Hiyo si sheria, ni tabia yangu.

Maswali ya wanachama

Kaka, natafuta gari, na muuzaji amepeleka ombi langu kwa benki tano. Nimekwisha?
Hujaisha. Kwa mikopo ya gari, nyumba na masomo, FICO huchukulia pekuzi za kipindi kimoja kuwa moja: siku 14 kwa matoleo ya zamani, 45 kwa mapya. Kwa kadi za mkopo huruma hiyo haipo.

Niliacha deni Kenya, nimeorodheshwa CRB, ile ofisi ya rekodi za mikopo ya kule. Litanifuata huku?
Rekodi ya CRB haihamii yenyewe kwenye ofisi za Marekani. Hata ile safi haihami, ndiyo maana tunaanza sifuri. Deni lenyewe bado ni lako, dada.

Shemeji anataka kuniongeza kwenye kadi yake. Nikubali?
Kwa kawaida wewe hupekuliwi. Lakini historia ya kadi hiyo huweza kuingia kwako, mazuri na mabaya. Muulize kwa adabu analipaje. Akicheka bila kujibu, umeshajibiwa.

Nimeona pekuzi nisiyoijua. Kuna mtu anadai dola 300 anifutie zote.
Zile ulizoomba mwenyewe hafuti, atakula hela tu. Usiyoijua, ilalamikie bure kwa ofisi iliyoionyesha. Kisha funga rekodi yako kwa kufuli, wao huita "security freeze". Tangu Septemba 2018 ni bure nchi nzima, ila unafunga kwa kila ofisi peke yake. Siku ukiomba kadi kumbuka kufungua, maana ombi litakwama na utadhani umenyimwa.