Trekta jipya: mkague wakala kwanza

1. Chagua mawakala wa kuwapima
Anza na wenye duka mkoani kwako au mkoa jirani. Shamba likiwa Kiteto au Mpanda, wakala aliyeko Dar es Salaam tu awe wa mwisho, hata bei yake ikivutia.

2. Omba profoma
Ni ankara ya bei unayopewa kabla ya kununua. Ioneshe modeli, plau, usafirishaji, usajili wa TRA na huduma (sevisi) ya kwanza, kila kimoja na bei yake. Profoma ya bei ya chini mara nyingi haina plau.

3. Pima stoo ya spea
Hapa usiwe na haraka. Ukiuliza "spea zipo?", kila wakala atasema zipo. Nenda na orodha: filta za oili na dizeli, injekta, pampu ya maji, seti ya klachi, pampu ya haidroliki. Taka bei ya kila kimoja, kisha kitolewe kwenye rafu ukione. Filta usizihesabu, hizo hata maduka ya mjini wanazo. Kipimo ni klachi na pampu ya haidroliki. Kama trekta linavuta kwa magurudumu yote manne, ulizia pia gia na beringi za ekseli ya mbele.

Jina la modeli halitoshi. Massey Ferguson, kwa mfano, zimeundwa na Millat ya Pakistani na TAFE ya India pia, na spea zake si lazima ziingiliane. Mtu wa stoo atafute kwa namba ya chesisi na ya injini kwenye kitabu cha spea. Anayeshika sili na kusema "inafanana na hii" atakuuzia sili itakayovuja.

Akisema "tunaagiza", muulize inatoka wapi, inachukua wiki ngapi, na kama unalipa kwanza. Na usiende Julai, stoo nyingi hupendeza Julai. Kwenu mkilima Novemba na Desemba, nenda miezi hiyo, uone wanaosubiri spea kaunta wanajibiwa nini. Wateja anaokuchagulia wakala watamsifu tu. Tafuta madereva wa trekta za aina hiyo katani kwako, uwaulize mara ya mwisho lilipoharibika lilisimama siku ngapi.

Kati ya chapa iliyozoeleka na ngeni yenye kabini ya kiyoyozi, chukua iliyozoeleka.

4. Fundi na dhamana
Dhamana huhesabiwa kwa miezi au saa za kazi, kinachotangulia ndicho kinachoifunga. Klachi, breki na betri mara nyingi hazimo. Sevisi ya kwanza kwa trekta nyingi ni baada ya saa 50 za kazi. Ukilima saa 10 kwa siku, hizo ni siku 5 tu, kwa hiyo fundi anatakiwa shambani wiki ya kwanza ya kulima. Ukiipitisha, wakala anapata sababu ya kukataa dai lako. Nauli ya fundi analipa nani? Iandikwe kwenye mkataba.

5. Malipo
Akaunti ya kampuni, si ya mfanyakazi. Dai risiti ya EFD.

6. Kupokea
Linganisha namba za chesisi na injini na zilizo kwenye nyaraka. Mita ya saa za kazi isome saa chache tu. Tazama tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 2219 ni wiki ya 22, mwaka 2019. Tairi zikiwa za zamani, trekta huenda limekaa yadi miaka. Omba punguzo au tairi na betri mpya kabla hujasaini.