Kumlisha mgonjwa wa kidingapopo (dengi) homa ikishashuka: hatua kwa hatua

Hakuna chakula kilichothibitishwa kupandisha chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) kwa siku mbili. Si juisi ya rozela, si bitiruti, si maji ya majani ya mpapai. Chembe sahani hupanda zenyewe mwili ukishavizidi nguvu virusi. Jikoni tunachoweza ni kurudisha maji, chumvi na nguvu bila kulichokoza tumbo, na bila kuficha dalili za kuvuja damu.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli anapona

Homa ya kidingapopo hukaa siku 2 hadi 7. Hatari kubwa haiko kwenye kilele cha joto. Iko kwenye saa 24 hadi 48 baada ya joto kushuka, kwa sababu ndipo mishipa midogo huvujisha maji ya damu. Ndipo pia nyumbani watu hupumua na kuanza kupika pilau. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, akipata choo cheusi, akilegea, akihangaika, mikono na miguu ikiwa ya baridi, au akimaliza saa 6 bila kukojoa, habari ya chakula iishie hapo: mpelekeni hospitali.

Anayepona hukojoa vizuri na kuanza kuulizia chakula. Wengi hutoka vipele vyekundu vinavyowasha. Hivyo havitokani na chakula, basi msimnyime mayai wala samaki.

Hatua ya 2: Vinywaji kabla ya vyakula

Mtu mzima mlengeni lita 2 hadi 2.5 kwa siku, zikiwemo uji na supu. Maji matupu peke yake hayatoshi, maana chumvi ya mwilini nayo imepungua. Changanyeni maji, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), madafu, maziwa na juisi ya chungwa au pasheni isiyo kali.

Pakiti ya ORS huyeyushwa yote kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Kosa la kawaida ni kumimina nusu pakiti kwenye glasi kwa kukisia; chumvi inazidi na mgonjwa anadhurika. Pakiti zikikosekana, tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Yakibaki baada ya saa 24, mwageni.

Anayetapika apumzike dakika 10, kisha arudie kwa kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo apangiwe kiasi na daktari, na madafu asiyaguse kabla ya kuuliza, kwani yana potasiamu nyingi. Mwenye kisukari asijazwe soda na glukosi.

Na dripu ya "kuongeza nguvu"? Hapana. Katika kipindi cha kupona maji yaliyovuja yanarudi yenyewe kwenye mishipa. Mkiongeza mengine bila sababu, yanaweza kujaa kwenye mapafu.

Hatua ya 3: Uji wa mchele, siku ya kwanza na ya pili

Osheni nusu kikombe cha mchele, tieni vikombe 5 vya maji na robo kijiko cha chai cha chumvi. Ukichemka, punguzeni moto na mwache dakika 40, mkikoroga mara kwa mara, mpaka punje zipasuke. Mwishoni ongezeni kikombe 1 cha maziwa. Tui zito liacheni kwanza: mafuta mengi huamsha kichefuchefu, na ini mara nyingi huwa bado limechokozwa na ugonjwa. Mpeni nusu kikombe kila saa 2 au 3. Bakuli kubwa mara tatu kwa siku humshinda, na mkimlazimisha atalirudisha.

Hatua ya 4: Supu na vyakula vya kujenga mwili

Robo kuku, maji lita 1.5, karoti 1, nusu kitunguu, kipande kidogo cha tangawizi, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kuku wa kisasa dakika 40, wa kienyeji saa moja na nusu. Engueni mafuta yanayoelea. Mgonjwa ale na nyama yenyewe, ichambuliwe nyuzi nyuzi. Mchuzi peke yake una protini kidogo mno. Baadaye aongezewe mtori, yai la kuchemsha, choroko zilizolainika, samaki wa kuchemsha, mchicha, papai na ndizi mbivu.

Hatua ya 5: Vya kuweka kando

Vinywaji na vyakula vyekundu au vyeusi, kama rozela, bitiruti na soda nyeusi, viacheni mpaka hatari ya kuvuja damu ipite. Akitapika au akienda choo, hamtajua kama ni damu au juisi. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, basi visianzwe bila ushauri. Pilipili, vya kukaanga na kahawa kali vinaweza kusubiri. Pombe asinywe kabisa.

Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli tu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dozi zipishane saa 6. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu.

Hatua ya 5 ikipita

Arudi kwenye ugali, wali na maharage taratibu kadiri tumbo linavyokubali. Uchovu unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa hata kama anakula vizuri, kwa hiyo kati ya milo mpeni kitu chepesi: karanga, mtindi, au ndizi mbili.