SOMO: Kutotolesha mayai ya nyoka nyumbani (mambo ya kuku weka pembeni)

Haya wakuu, wengi mnaoniuliza mna mashine za vifaranga mnataka kutumbukiza humo humo mayai ya nyoka, msifanye hivyo. Mashine ya kuku inakaa nyuzi 37.5 na inageuza mayai, na hivyo vitu viwili ndo vinavyoua yai la nyoka.

Kabla ya yote, kibali. Nyoka ni mnyamapori, anzia TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), ukikamatwa nao bila karatasi hiyo ni kesi. Naongelea hapa wale nyoka wadogo wa kahawia wasio na sumu, wanaokula panya, jamii ya Boaedon.

1. Jike akishataga toa mayai mapema, bila kuyageuza. Chukua penseli weka alama juu ya kila yai, hiyo alama ibaki juu mpaka mwisho. Kiinitete kinajishika upande wa juu ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, ukilipindua baada ya hapo kinaweza kufa. Yakiwa yamegandana usiyabandue kwa nguvu, yaache hivyo hivyo.

2. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko, toboa vitundu viwili vitatu tu. Ndani weka vemikulaiti, yale madini mepesi yanayoshika maji, wanauza maduka ya pembejeo, na maji uzito sawa kwa sawa. Ukiiminya mkononi ishikane ila isichuruzike. Fukia mayai nusu.

3. Kontena liingie kwenye deli kama yale ya wauza barafu, pamoja na waya wa joto na tamostati (kifaa cha kudhibiti joto). Nyuzi 27 mpaka 29. Kwa Dar hii shida siyo baridi jamani, ni joto, Januari na Februari chumba cha bati bila dari mchana ni oveni, wewe peleka deli chumba cha ndani chini sakafuni. Kipimajoto kikae usawa wa mayai, usiamini namba ya tamostati peke yake.

4. Subiri. Kama siku 60 hadi 70, na kila wiki funua kidogo hewa ibadilike. Ukimulika na tochi ya simu ukaona mishipa myekundu, liko hai. La njano, dogo, gumu, hilo halikurutubishwa toka mwanzo.

5. Wakianza kupasua ganda usiwasaidie. Kichwa kinaweza kuchungulia siku nzima au mbili, bado anamalizia kiini tumboni, ukimvuta unamuua.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu umeme ukikatika usiku kucha si yote yanaharibika?
Jibu: Hapana, kupoa kidogo yanavumilia, wanachelewa tu kutoka. Funika deli na blanketi usilifungue fungue. Kinachoua haraka ni kupitiliza joto, kwa hiyo umeme ukirudi kaangalie kipimajoto.

Dada wa Tabata: Kaka, yai langu limebonyea, nalitupa?
Jibu: Usitupe dada. Wiki za mwisho kubonyea ni kawaida. Likibonyea mapema pamekauka, ongeza maji pembeni kwenye vemikulaiti, siyo juu ya yai. Likiota ukungu na kunuka hilo toa.

Mdau wa Kigamboni: Nimekuta mayai chini ya matofali saiti, nijaribu nayo?
Jibu: Aisee acha kabisa! Kwa kuangalia ganda huwezi kujua ni ya nani, swila anataga, koboko naye anataga, na watoto wao wanatoka na sumu kamili. Wasogeze mafundi, ita watu wa wanyamapori.

Mdau wa Mbagala tena: Kwani mama yao hawezi kulalia mwenyewe?
Jibu: Chatu ndo anajizungushia mayai yake mpaka yaanguliwe. Hawa wetu wakishataga wanaondoka, hawana habari.

Dada wa Tabata: Wakitoka nawapa nini?
Jibu: Maji tu kwanza. Wakishajivua gamba la kwanza, mara nyingi wiki moja hadi mbili, unaanza na vitoto vya panya visivyo na manyoya.