Kuhesabu jeni za protiasi kwenye mmea bila kujidanganya

Mtu akiniuliza mpunga au soya ina jeni ngapi za protiasi, yaani vimeng'enya vinavyokatakata protini, nami humuuliza: za familia ipi? Protiasi si ukoo mmoja. Zipo zinazokata kwa kutumia sisteini, serini, asidi aspatiki au metali, na ndani ya kila kundi zimo familia zisizo na babu mmoja. Hifadhidata ya MEROPS imezipa herufi na namba: C1 ni jamaa wa papaini, ile ya utomvu wa papai, S8 ni subtilasi, A1 ni jamaa wa pepsini. Maliza familia moja ndipo uguse nyingine. Hapa nafuata C1, niliyokaa nayo muda mrefu zaidi.

Pakua protini zote za mmea wako kutoka Ensembl Plants au Phytozome, hifadhidata za jenomu za mimea, kisha bakiza protini moja kwa kila jeni, ile ndefu kuliko zote. Niliwahi kuiruka hatua hii. Jeni moja ikajitokeza mara tatu kwenye orodha kwa majina matatu, nikagundua wakati mti wa ukoo umeshachorwa, ikabidi nianze upya. Ngano ya mkate ni habari nyingine: ina jenomu tatu, A, B na D, kwa hiyo nakala tatu zinazofanana sana ni jeni halali kabisa. Hizo usizifute, zipange pamoja.

Sasa endesha HMMER, programu inayotafuta jamaa wa familia ya protini, kwa modeli ya C1 iliyo kwenye hifadhidata ya Pfam, PF00112. Fanya utafutaji huohuo kwenye Arabidopsis pia, mmea mdogo wa maabara, ambayo jeni zake za familia hii zinajulikana kuwa takriban 30. Ukipata 60 au 12, kosa liko kwenye vigezo vyako.

Orodha utakayopata bado si orodha ya vimeng'enya. Panga mifuatano ya protini kwa programu ya MAFFT ili sehemu zinazolingana zikae safu moja, ifungue kwenye skrini, uisome kwa macho yako. Kwa kuhesabu kama kwenye papaini iliyokomaa, tafuta sisteini ya 25, histidini ya 159 na asparajini ya 175. Sisteini hiyo hukaa baada ya glisini na serini, na mara nyingi triptofani huifuata: kwa herufi za asidi amino, GSCW. Shuka na safu hiyo moja, herufi C juu ya C, mpaka ufike inapokatika. Kwenye soya utakutana na P34, protini inayojulikana kwa kusababisha mzio. Umbo lake ni la papaini, lakini mahali pa sisteini pamekaa glisini. Kompyuta inaipitisha bila wasiwasi, ilhali haina kisu cha kukatia. Iache kwenye mti, ila iandike kando.

Angalia pia sehemu ya mbele, yenye modeli ya Pfam PF08246, inayoziba kimeng'enya mpaka wakati wake ufike. Ikikosekana, rudi kwenye jenomu kabla hujatangaza aina mpya. Mara nyingi jeni imesomwa nusu. Na protini yenye vikoa viwili vya C1, yaani sehemu nzima ya kimeng'enya mara mbili, ishuku kwanza, kwa sababu jeni hizi hupenda kujirudia zikiwa jirani kwenye kromosomu, na programu huziunganisha mbili kuwa moja.

Mti wa ukoo wenyewe programu ya IQ-TREE itakuchorea, sina mengi ya kusema hapo.

Ninachosisitiza kwa kila anayenisikiliza ni kupima kazi, kwa kuwa wingi wa RNA hausemi kimeng'enya kimeamka. Kinaweza kuwa bado kimezibwa, au kimeshikwa na sistatini, protini za mmea wenyewe zinazozuia protiasi hizi. Saga jani linalozeeka, gawa majimaji mafungu mawili, moja litie E-64, kizuizi kinachoshika sisteini ile ile ya 25. Yapitishe kwenye jeli yenye jelatini bila kuyachemsha, osha SDS, sabuni kali ya kwenye jeli, kwa Triton X-100, sabuni laini, acha jeli usiku kucha kwenye bafa yenye asidi kidogo na DTT, kemikali inayoiweka sisteini tayari kwa kazi, kisha ipake rangi ya bluu. Protiasi iliyo hai huacha mstari mweupe ilipokula jelatini. Mstari ulioonekana upande mmoja ukatoweka kwenye upande wa E-64 ndio wa kuukata na kuupeleka kwenye spektrometa ya masi, ukaone ni jeni ipi ya orodha yako iliyokuwa kazini.